Draiva Iliyonifungia Ndani ya Chumba cha Mitihani

Mlango ulijifunga saa sita na dakika ishirini mchana.

Haukubamizwa. Ulisema "klak" tu, taratibu, kama mtu anayefunga mkoba wake na kuondoka zake.

Ndani tulibaki wawili: mimi, na mwanamke ambaye chuo kizima kinamwogopa kuliko mtihani wenyewe. Pamoja nasi, kwenye rafu za chuma, karatasi za mtihani za watahiniwa mia mbili na kumi na nne, zikisubiri saa nane kamili.

Hakuna aliyeweza kutoka. Hakuna aliyeweza kuingia.

Na aliyeua ule mlango ni mimi. Kwa mikono yangu miwili, huku napiga mluzi.

Kaeni vizuri, maana hii bado sijaweza kuisimulia bila viganja kutoa jasho.

Mimi ni fundi wa kompyuta wa chuo. Walimu wananiita Zima-Washa, kwa sababu hilo ndilo jibu langu kwa kila tatizo. Printa imegoma? Zima, washa. Mtandao umelala? Zima, washa. Mkuu wa chuo kaamka na hasira? Hapo bado sijajaribu.

Chuo chetu ndicho kituo cha mitihani cha eneo zima. Msimamizi mkuu wa mitihani ni mwalimu mmoja wa makamo, mwembamba, mnyoofu kama rula, sisi kwa siri tunamwita Bi Kanuni. Huyu mama akipita kwenye korido, hata waliokaa vizuri wanakaa vizuri zaidi.

Chumba cha mitihani chenyewe zamani kilikuwa stoo ya maabara. Kuta nene, dirisha hakuna, juu karibu na dari kuna kitundu cha hewa chenye nondo, ukubwa wa daftari. Mlango wa chuma. Kufuli yake ni ya umeme.

Fundi aliyekuwepo kabla yangu, tulimwita Miwani, ndiye aliyeunganisha kufuli hiyo na kompyuta iliyomo humo humo ndani. Unagusisha kadi yako kwenye kisomaji, kompyuta inajiuliza kama inakujua, halafu inaiambia kufuli ifunguke. Kuingia hivyo, kutoka hivyo hivyo. Umeme ukikatika, kuna betri. Betri ikifa, mlango unabaki umefungwa. Ni chumba cha mitihani, si kibanda cha soda.

Masharti ya kuingia ni matatu. Simu unaiacha kwenye sanduku mlangoni. Kila kifaa unachoingia nacho kinaandikwa kwenye daftari la askari wa mlangoni. Na unasaini fomu.

Fomu ina mstari mmoja unaosema: "Nathibitisha kuwa sina ndugu wa karibu anayefanya mtihani katika kituo hiki."

Nilisaini.

Mdogo wangu wa kike alikuwa anafanya mtihani katika kituo hiki.

Msinihukumu kwanza. Niliisaini ile fomu kama mtu anayesaini kupokea boksi la chaki. Nilijiambia: mimi nagusa printa, sigusi mitihani. Na nikiandika ukweli wataleta fundi mwingine kutoka nje, aje achokonoe mashine zangu. Roho iliniuma.

Mdogo wangu anasuka nywele. Mwaka uliotangulia alikwama kwenye somo moja tu, Kemia, kwa kiasi kidogo cha kukera. Chuo cha uuguzi kilikuwa kimemshikia nafasi: leta Kemia mwaka huu, uingie, usipoleta, tunampa mwingine. Mwaka mzima amesuka watu huku fomula zimebandikwa kwenye kioo cha saluni. Wateja wake walikuwa wanatoka pale na nywele nzuri na jedwali la elementi kichwani.

Saa nane ya siku hiyo, mtihani ulikuwa Kemia.

Sasa tuje kwenye ujinga wangu.

Kituo kilipewa printa mpya ya kuchapia orodha za mahudhurio. Kompyuta ya chumba cha mitihani ilikuwa inatumia Linux ya zamani aliyoiacha Miwani. Nitaiita Babu. Babu haikuijua ile printa kabisa. Ulikuwa ukiichomeka, Babu inaiangalia kama mgeni aliyekosea nyumba.

Bi Kanuni aliniita. "Fundi, nataka printa ifanye kazi. Printa tu."

Alilitamka "tu" kwa herufi kubwa. Mimi nikasikia: nionyeshe ufundi wako.

Kwa wasiojua: Linux si kitu kimoja. Kiini chake, kerneli, ni kimoja, lakini kuna makundi chungu nzima duniani yanayokichukua hicho kiini na kukivalisha kivyao. Ni kama kitambaa kimoja kwa mafundi cherehani ishirini. Huyu anaweka mifuko, huyu hataki mifuko, yule anatumia kitambaa kilichofumwa miaka minane iliyopita kwa sababu anakiamini.

Nilikuwa na flashi mbili, kila moja na Linux yake. Ya kwanza nitaiita Mkarimu, maana inabeba kila draiva inayookoteka, hata zile ambazo kampuni zake hazitaki mtu aone zimeandikwaje. Draiva ni kijiprogramu kinachoifundisha kompyuta kuongea na kifaa. Ya pili nitaiita Msafi. Watu wa Msafi wana msimamo: kama hutuonyeshi programu yako imeandikwaje, haiingii humu, hata ulie.

Siku moja kabla ya mitihani kuletwa, niliiwasha kompyuta kwa flashi ya Mkarimu, kujaribu tu. Printa ikachapa. Kisomaji cha kadi kikawaka taa ya bluu. Mlango ukafunguka, ukafunga, ukafunguka. Raha tupu.

Asubuhi ya mtihani nikaenda kusimika Linux mpya ndani ya kompyuta moja kwa moja.

Nikasimika Msafi.

Najua. Najua! Lakini kwenye kundi letu la mafundi mtandaoni, ukisema unatumia Mkarimu wanakucheka, wanakuuliza kama unavuliwa na viatu. Msafi ndiyo ya wanaume. Nikajiambia: Linux ni Linux, kerneli ni ileile, kilichofanya kazi jana kitafanya kazi leo. Nikaifuta Babu na vyote vilivyokuwa vyake. Programu ya mlango nilikuwa nimeinakili pembeni, sikuwa mjinga kiasi hicho. Nikairudisha.

Muda wote huo mlango nilikuwa nimeuzuia kwa kiti, na askari kakaa juu ya hicho kiti, ananitazama na kuhesabu miayo yangu.

Saa sita na robo printa ilichapa orodha ya kwanza. Safi, nyeusi, imenyooka. Nikanyanyua mikono kama niliyefunga goli.

"Sasa afande, bado mlango tu niujaribu," nikasema.

Hapo ndipo Bi Kanuni akatokea.

"Afande, nenda ukumbini ukapange meza. Mimi niko naye."

Askari akainuka. Bi Kanuni akaingia, na bila hata kutazama chini akakivuta kile kiti ndani.

"Mwalimu, subi..."

Klak.

"Mlango wa chumba hiki haukai wazi mimi nikiwemo," akasema. "Ulikuwa unasemaje?"

Nikageuka kukitazama kisomaji cha kadi.

Hakina taa. Si ya bluu, si nyekundu. Kimekufa kimya.

"Hakuna kitu, Mwalimu," nikasema. "Nilikuwa nasema karibu."

Nikagusisha kadi. Kimya. Nikaipangusa kadi kwenye shati. Kimya. Nikaipuliza, sijui kwa nini, kama mtu anayepoza uji. Kimya.

"Kuna tatizo?"

"Dogo tu, Mwalimu. Nazima na kuwasha."

Nikazima. Nikawasha. Kisomaji hata hakikujikuna.

Nikafungua programu ya mlango. Ikanijibu kwa maneno mafupi: kifaa hakionekani.

Nikainama kwenye skrini.

Nikasoma yale maandishi yanayopita wakati kompyuta inaamka, na nikauona mstari. Ile bodi ya kufuli, kibao cha saketi kinachoendesha kisomaji na mlango, kila inapoamka inahitaji kulishwa faili moja dogo, la kampuni iliyoitengeneza. Bila hilo faili ni pande la plastiki. Kampuni inalitoa bure, ila haisemi limeandikwaje. Kwa hiyo Mkarimu inalo. Msafi imelikataa. Na Babu? Miwani alilitafuta mwenyewe akaliweka kwa mkono, miaka hiyo. Mimi nikalifuta pamoja na Babu.

Mtandao humo ndani hakuna, ni marufuku. Siwezi kulipakua.

"Fundi," Bi Kanuni akasema, "nieleze. Kwa Kiswahili cha watu."

Nikamweleza. Alisikiliza huku kakaa kwenye kile kiti, mikono juu ya faili lake la plastiki.

"Kwa hiyo Linux ni moja au si moja?"

"Ni moja, Mwalimu, lakini kila kundi linaamua libebe nini. Wengine wanachukua kerneli mpya, ndiyo maana printa imekubali. Wengine wanabaki na ya zamani iliyozoeleka. Wengine wanakubali vitu vya kampuni vilivyofungwa, wengine wanakataa. Kifaa kilekile, huku kinacheza, kule kimekufa."

"Na aliyekuwepo alikuwa anaujua mlango."

"Ndiyo."

"Huyu mpya haujui."

"Haujui kwa sababu ya msimamo, Mwalimu. Ni mambo ya uhuru."

Akautazama mlango wa chuma. Akanitazama mimi.

"Uhuru," akasema.

Nikainamisha kichwa.

"Yaani umemfukuza mfanyakazi anayejua kazi, ukaajiri mtakatifu."

Nilitaka kucheka. Uso wake haukuniruhusu.

Tukagonga. Tukapiga kelele hadi koo likawasha. Watu wote walikuwa upande wa ukumbini, jengo la pili. Mlango ule unaupiga ngumi, unasikika kama unapiga godoro.

Ufunguo wa chuma upo, kwa dharura. Unakaa makao makuu ya mitihani, mwendo wa saa mbili na ushee kwa gari.

"Na wakikata mlango?" nikauliza.

"Chumba cha mitihani kikikatwa mlango, kimevunjwa. Kikivunjwa, karatasi zote zilizomo ni batili. Kanuni ya kumi na nne."

"Na saa nane ikifika karatasi hazijatoka?"

"Mtihani wa kituo hiki umefutwa. Watarudia mwakani."

Mwakani. Nafasi ya mdogo wangu haina mwakani.

Nikakaa chini sakafuni, mgongo kwenye rafu. Nikagundua nimeegemea bahasha zilizoandikwa KEMIA. Nikaruka kama niliyekalia kaa la moto.

Bi Kanuni akauona ule mruko. Huyu mama haoni kwa macho tu.

"Fundi, una ndugu kituoni hapa?"

Swali lilikuja hivyo hivyo, kama mtu anayekuuliza saa.

"Mwalimu," nikasema, nikachekacheka, "binadamu wote si ni ndugu?"

Hakucheka. Akafungua faili lake, akaangalia kitu, akalifunga.

Joto likaanza. Chumba kile watu wawili wakipumua kwa muda kinakuwa kama mdomo wa mtu mwenye homa. Nikahesabu bahasha za juu. Nikahesabu nondo za kitundu cha hewa: tano. Nikajaribu kila amri niliyowahi kuijua kwenye kompyuta, na nyingine nilizobuni. Msafi ikanijibu kila mara kwa adabu ileile: kifaa hakionekani. Mashine yenye adabu inatia hasira kuliko yenye matusi.

Saa saba na robo tukasikia buti.

"Mwalimu? Mko humo?" Ilikuwa sauti ya askari, kule juu kwenye kitundu.

"Tumo. Mlango haufunguki. Jaribu kadi yako."

Tukasubiri.

"Haina hata taa, Mwalimu."

"Kaa hapo hapo mlangoni. Usiruhusu mtu aguse kitu chochote. Tuma mtu apige simu makao makuu waulete ufunguo."

"Mwalimu, hawatawahi."

"Najua hawatawahi. Wapigie. Iandikwe kwamba tulipiga."

Huyo ndiye Bi Kanuni. Nyumba ikiwaka moto ataandika kwanza saa uliyoanza.

Jasho lilikuwa linaniingia machoni. Nikaingiza mkono mfukoni kutafuta leso. Leso haikuwepo. Vidole vikaingia kwenye kile kimfuko kidogo cha suruali ya jinzi, kile ambacho hakuna binadamu anajua ni cha nini.

Vikagusa kitu kigumu.

Sikuhitaji kukitoa. Nilikijua kwa kukipapasa. Flashi ya Mkarimu. Suruali ilikuwa ileile ya siku ya majaribio, na mimi, kwa haraka zangu za asubuhi, kwenye daftari la askari nilikuwa nimeandikisha flashi moja tu. Msafi.

Moyo ukapiga shangwe. Tumetoka! Nawasha kwa Mkarimu, bodi inalishwa faili lake, taa bluu, mlango huo!

Halafu shangwe ikakatika katikati.

Maana nilijiona kama Bi Kanuni atakavyoniona. Fundi kajifungia na mitihani ya Kemia. Fundi ana flashi ambayo haijaandikishwa, ameificha. Fundi kasaini kuwa hana ndugu. Dada yake atakaa ukumbini, meza ya sijui ngapi, afanye Kemia kwa mara ya pili.

Hata mimi ningenikamata.

Na si mimi tu. Mtihani ukiibwa, anafutiwa pia yule ulioibwa kwa ajili yake. Matokeo yote, siyo Kemia peke yake. Na hafanyi tena.

Nikitoa flashi, nammaliza kwa jina la wizi. Nisipoitoa, saa nane inammaliza kwa jina la bahati mbaya, yeye na wenzake mia mbili na kumi na watatu.

Mkono ukabaki mfukoni. Kile chumba nilikuwa nimekizoea kidogo. Hapo kikanibana upya, na safari hii kuta zilikuwa ndani ya suruali yangu.

"Umeumwa na nini?" Bi Kanuni akauliza.

"Hapana Mwalimu. Najikuna."

Saa saba na dakika ishirini na tano. Kupitia kitundu cha hewa, nyayo nyingi kwenye korido. Watahiniwa walikuwa wanapita kuelekea ukumbini.

Na katikati ya zile sauti nikaisikia moja. Inarudiarudia kitu, haraka haraka, kwa chini, kama mtu anayehesabu nyuzi za kusuka.

"Haidrojeni, heli, lithi, berili..."

Alikuwa anapita upande wa pili wa ukuta. Hatua mbili kutoka nilipo. Sauti ikaenda, ikaenda, ikaisha.

Nikatoa mkono mfukoni.

"Mwalimu, nina kitu cha kusema, na naomba usinikatize maana nikikatizwa nitatania."

Akaweka kalamu chini.

"Hii flashi," nikafungua kiganja, "haijaandikishwa. Niliisahau mfukoni. Nimejua ninayo dakika kumi zilizopita, nikaogopa. Inaweza kufungua mlango. Hiyo moja."

"Na ya pili?"

Hakuuliza kama ipo ya pili. Aliuliza tu ya pili.

"Fomu yangu ni ya uongo. Mdogo wangu yuko ukumbini. Anafanya hii hii Kemia. Hajui chochote, hajaniomba chochote, na mimi sijagusa bahasha hata moja. Ukiandika, niandike mimi. Nifukuzwe, nifungwe, sawa. Yeye muache afanye mtihani wake."

Nikabaki nimenyoosha kiganja, flashi juu yake.

Bi Kanuni akafungua lile faili la plastiki. Akatoa karatasi moja ya daftari, iliyokunjwa mara nne, akanipa.

Mwandiko niliujua kabla sijasoma neno.

"Kwa Msimamizi Mkuu. Mimi ni mtahiniwa wa Kemia. Fundi wa kompyuta wa kituo ni kaka yangu, tumbo moja. Sijui kama amesema. Naandika ili isije ikaonekana tumeficha. Naomba asikae karibu na karatasi."

Chini kaweka saini, tarehe, na saa: saa tano na nusu asubuhi.

"Aliniletea mwenyewe mkononi," akasema Bi Kanuni. "Unadhani nilikuja humu kuangalia printa? Nilikuja kukutoa."

Nikaikunja ile barua mara nne, kama ilivyokuwa.

"Nikakufungia badala ya kukutoa," akaongeza, na kwa mara ya kwanza nikaona kona ya mdomo wake imecheza. "Nilikuuliza una ndugu. Ukanijibu binadamu wote. Tangu hapo nasubiri."

"Ningekaa kimya, je?"

"Ungekuwa umekaa kimya na flashi mfukoni, muda wa saa moja na nusu, pamoja na mitihani. Ningeandika hivyo hivyo nilivyoona. Barua yake isingetosha kukuosha wewe, na wewe ungemchafua yeye. Sasa, usiguse hiyo kompyuta."

"Mwalimu, muda!"

"Kwanza tunahesabu."

"Mwalimu, ni saa saba na nusu!"

"Afande!" akaita kwenye kitundu. "Chukua daftari. Andika ninavyokutajia."

Na akaanza. Bahasha thelathini na sita. Moja moja. Anaishika, anasoma kwa sauti namba ya lakiri iliyoifunga, anaigeuza mbele na nyuma, anasema "nzima", askari kule nje anarudia "nzima". Mimi nimesimama ukutani, mikono juu kama mateka, kwa amri yake. Nilikufa na kufufuka mara thelathini na sita. Kuna bahasha moja aliirudia kwa sababu askari alikohoa.

Saa nane kasoro dakika kumi na nane.

"Zote nzima. Andika: fundi ametoa kwa hiari yake flashi isiyoandikishwa, kabla ya kuulizwa. Andika na saa. Haya fundi. Washa huyo mkarimu wako, na ukigusa kitu kingine nakuvunja vidole."

Nikachomeka. Nikazima, nikawasha.

Maandishi yakapita. Yakapita. Yakasimama kwenye mstari mmoja kwa muda wa kutosha mtu kuzaliwa, kukua na kuoa.

Taa ya bluu.

Nikaiita programu ya mlango kutoka kwenye diski. Nikagusisha kadi.

Klak.

Hewa ya korido ikatupiga usoni. Askari kasimama pale na daftari, kalowa jasho kuliko sisi tuliokuwa ndani.

Bi Kanuni hakukimbia, maana kanuni haziruhusu kukimbia na bahasha. Ila nawaambieni sijawahi kuona mtu anatembea kwa kasi ile. Karatasi za Kemia ziliingia ukumbini saa nane kasoro dakika sita.

Mimi nikaketi kwenye sakafu ya korido, askari kanisimamia. Sikuwa nimekamatwa, lakini pia sikuwa nimeachiwa.

Makao makuu walileta watu siku ya pili. Flashi ikatiwa kwenye bahasha, ikalakiriwa, ikaenda kukaguliwa wiki tatu. Wakakuta humo Mkarimu tupu. Wakasoma namba za lakiri kwenye daftari la askari, wakazilinganisha na bahasha zote zilizobaki na zile zilizofunguliwa ukumbini mbele ya watahiniwa. Zikalingana. Wakasoma barua ya saa tano na nusu.

Mdogo wangu matokeo yake hayakuguswa.

Mimi nilisimamishwa kazi muhula mzima kwa ile fomu, na mpaka leo sina ruhusa ya kusogelea chumba kile hata kwa kupeleka maji. Printa yao ikigoma wanaita fundi kutoka nje, anakuja kuchokonoa mashine zangu huku mimi natazama kwa mbali. Miwani nilimtafuta kwa simu nikamuomba radhi. Akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Kwani hukuiona karatasi niliyobandika chini ya kibodi?"

Sikuwa nimeigeuza kibodi.

Nyumbani mdogo wangu alininunia miezi mitatu. Chakula ananipakulia, maneno hanipi. Matokeo yalipotoka, Kemia ikiwa imekuja na alama ya kutosha na barua ya uuguzi iko mezani, Mama akiwa analia kwa furaha chumbani, ndipo akaniita.

"Kaka, unajua kwa nini niliandika ile barua?"

"Kwa sababu wewe ni mwaminifu."

"Hapana," akasema. "Kwa sababu nakujua wewe."

Akaendelea kukunja nguo zake za kwenda chuoni, na mimi nikabaki nimesimama mlangoni, nikimshikia begi.

Sasa ninyi mafundi wenzangu mnaosoma hapa, na hasa ninyi mnaobishana kila siku Linux ipi ni bora. Ukirithi mashine ya mtu, usianze kwa kufuta. Zunguka kwanza, ukiuliza kila kifaa kinachofanya kazi: wewe nani alikuwekea draiva? Kwa sababu kinachoonekana kinajiendea chenyewe, mara nyingi kuna mtu alikaa siku nzima kukifundisha, na akiondoka haagi. Na jaribuni kilekile mtakachosimika, siyo ndugu yake.

Ninyi wengine msio na habari na kompyuta, lenu ni fupi. Ukiulizwa swali ambalo jibu lake ni ndiyo au hapana, usimpe mtu kichekesho.